Paka Aliyenusa Koti la Theuri

Jumapili, 12 Machi 1972

Jana Theuri alirudi kutoka Nyeri mjini na kikapu kilichofungwa kwa kamba ya katani, na ndani ya kikapu paka. Panya wametutobolea magunia ya mahindi ghalani, kwa hiyo nilifurahi. Nikamwuliza mume wangu amempata wapi.

"Nimepewa na mama mmoja wa Majengo. Anaitwa Mwanasiti."

Halafu akaenda kuosha miguu ambayo haikuwa na matope.

Jina hilo sijawahi kulisikia. Theuri ni karani wa ofisi ya kahawa. Kila asubuhi huvaa suti yake ya kijivu niliyoipiga pasi, hupanda gari, na jioni hurudi. Majengo ni mtaa wa Waislamu, na ofisi yake iko mbali na huko. Karani wa kahawa, mzee wa kanisa, anatafuta nini Majengo?

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu mama mkwe wangu, ambaye sote humwita Cucu kama anavyoitwa na binti yetu Monicah, husoma Kikuyu kuliko mhubiri, na katika nyumba hii hakuna karatasi isiyopita mkononi mwake. Kiswahili hakimpendezi, hakisomi.

Jumatatu, 13 Machi

Paka anaitwa Lulu. Theuri ndiye aliyetuambia. Leo kutwa amezunguka nyumba akisugua shavu kwenye mguu wa meza, kwenye mlango, kwenye kiti cha Cucu, kwenye debe la maji. Hakuacha kitu.

"Anapaka nini hapo?" Cucu akauliza.

"Hapaki kitu, Mama. Anajikuna tu."

"Mwenye kujikuna hujikuna mahali pamoja. Huyu anaweka alama."

Nilicheka. Lakini Theuri aliporudi jioni, paka alimkimbilia mkia umesimama wima, akasugua shavu kwenye suruali yake, kushoto na kulia, muda mrefu. Mimi ndiye ninayempa maziwa. Mimi hajanisugua hata mara moja.

Alhamisi, 16 Machi

Panya wa kwanza. Amemleta mpaka ndani na kumweka katika kiatu cha Cucu cha kanisani. Cucu amekataa kukivaa, hata nilipokiosha kwa maji ya moto.

Jumanne, 21 Machi

Nimeona jambo leo ambalo sijui niliweke wapi.

Theuri alivua viatu mlangoni. Paka akaja, akanusa kiatu cha kulia, akainua mdomo wa juu, akabaki kinywa wazi na macho yamekodoka, kama mtu aliyepewa habari ambayo hawezi kuiamini. Akakaa hivyo bila kupepesa. Kisha akanusa tena, akafanya vilevile.

Nikakichukua kile kiatu nikanusa. Sikusikia harufu yoyote ila ya ngozi na rangi ya viatu. Nikamwambia Theuri, "Paka wako anashangaa. Umekanyaga wapi?"

"Nimekanyaga Nyeri," akasema, na kufungua gazeti.

Alikuwa amelishika gazeti la juma lililopita.

Ijumaa, 24 Machi

Mvua ya njahi, ile ya masika, imeanza. Mawingu yameshuka kutoka milima ya Nyandarua mpaka kwenye michai yetu.

Jumatatu, 27 Machi

Inanyesha. Theuri alirudi amelowa, nikalipokea koti nilitundike karibu na moto. Lilikuwa na harufu. Harufu nzuri: udi! Ule moshi mtamu unaotoka katika nyumba za Waislamu ukipita mjini siku ya Ijumaa. Na shingoni mwa Theuri mwenyewe, sabuni. Si sabuni yetu ya kipande. Ni sabuni ya kuogea, yenye manukato.

Nani huoga kazini?

Nilitundika koti, nikaenda kukoroga uji. Niliporudi, paka alikuwa amelivuta chini na kulilalia. Alikuwa akilikanda kwa miguu ya mbele, huu kisha huu, kama mtu anayekanda unga wa chapati, amefumba macho, anakoroma, mate yanamdondoka kwenye mkono wa koti. Mtoto mchanga hufanya hivyo kwenye ziwa la mama yake. Nilijaribu kumwondoa akanikwaruza.

Basi huyu mnyama ananusa katika koti la mume wangu kitu anachokijua. Kitu cha kwao. Nyumba ya Mwanasiti imo ndani ya koti lile.

Jumapili, 2 Aprili. Pasaka

Theuri alisoma somo kanisani. Sauti yake ilikuwa safi. Nilimtazama nikajiuliza mtu huweza vipi kuwa na sauti safi hivyo.

Mchana paka alikaa dirishani akitazama ndege kwenye ua. Taya lilikuwa likimtetemeka, meno yanagongana, anatoa sauti ndogo ndogo kama mtu anayenong'ona haraka. Cucu aliweka kikombe chini.

"Anasoma," akasema. "Huyo anasoma maneno aliyofundishwa."

Monicah akamwambia, "Cucu, anataka tu kumla ndege."

"Anayetaka kula hutoka akashika. Wewe kaa mbali naye."

Sasa tuko wawili tunaomwogopa paka, kila mtu kwa sababu yake. Cucu anadhani ametumwa kwetu. Mimi nadhani anajua anakotoka mume wangu.

Jumamosi, 8 Aprili

Paka alipanda juu ya meza ya chakula. Theuri akamshika ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akamwinua. Paka akalegea palepale, miguu imejikunja, mkia umeingia tumboni, kimya kama kitambaa. Mimi nikimshika hunipasua mikono.

"Umejifunza wapi hiyo?"

"Ipi?"

"Hiyo ya shingo."

"Ah, ni kitu kinajulikana tu. Mama yao huwabeba hivyo."

Kwa watu gani kinajulikana? Hapa kwetu Wamagana hakuna mtu hushika paka. Wanakaa ghalani, wanakula panya, basi. Mtu hujifunza jambo hilo katika nyumba ambamo paka hulala kitini, naye mwenyewe amepewa kiti.

Jumatano, 12 Aprili

Chai nyingi mno. Migongo inatuuma. Theuri amechelewa.

Alhamisi, 13 Aprili

Amechelewa tena. Ameoga tena.

Jumanne, 18 Aprili

Paka aliteleza juu ya paa la ghala, mabati yakiwa maji matupu. Nilimwona kwa macho yangu. Alianguka chali, mgongo chini, nikasema basi, amekufa. Lakini hewani akajipinda, kichwa kwanza kisha kiuno, kama mtu anayekamua nguo, akafika chini kwa miguu minne, akajilamba bega, akaenda zake.

Cucu naye alimwona. Hakulia wala kupiga kelele. Aliingia ndani akavaa leso ya pili, akatoka kwenye mvua hadi kwa jirani yetu Gicheru. Aliporudi aliniambia, "Gicheru atakuja na gunia. Mto umejaa."

"Mama, ni paka tu."

"Mama Monicah, nimekaa duniani siku nyingi. Kitu kikianguka na mgongo hufika na mgongo. Tangu huyu aingie hapa, mwanangu hali vizuri, hacheki, haniambii habari za ofisi. Wewe mwenyewe umekonda. Unafikiri sioni?"

Kwa hiyo anaona. Nilitaka kumwambia kila kitu, udi na sabuni na kiatu. Lakini anayeshukiwa ni mwanawe wa pekee.

Jumanne, 25 Aprili

Cucu ana kikohozi na homa, amelala tangu Jumapili. Mvua haijakatika. Leo mchana niliingia na chai nikamkuta paka amejikunja juu ya kifua chake, anakoroma, na Cucu macho wazi, ameganda kama mti, hathubutu kumgusa.

"Ananipima," akanong'ona. "Mtoe."

Nilimtoa. Nilipokwenda kuchota maji akarudi. Nikamtoa tena, akarudi tena. Kuna moto jikoni, kuna kitanda cha Monicah, kuna magunia makavu. Kwa nini kifua cha mgonjwa anayewaka homa?

Jioni Gicheru akafika na gunia, viatu vya mpira vimejaa matope. Ni mtu mpole, hata yeye aliona haya. "Nimeitwa na mama," akasema. "Mimi sina neno na paka."

Nilisimama mlangoni na paka kifuani, naye ananikwaruza. Nikasema, "Gicheru, rudi nyumbani. Cucu akikuuliza, sema mimi ndiye niliyekataa."

Akanitazama sana. "Kwani ni wako?"

"Ni wangu mpaka nitakaposema."

Hapa naandika ukweli: si huruma iliyonisimamisha. Paka ni shahidi wangu. Akitupwa mtoni, nitabaki na udi tu, na moshi haushikiki.

Theuri alipoambiwa alikuwa mweupe midomo. "Asiuawe," akasema. "Tafadhali. Nitamwambia nini yule mama?"

Yule mama. Mama yake mwenyewe anatetemeka chumbani, na yeye anamfikiria yule mama!

Jumapili, 30 Aprili

Cucu ameamka, amekunywa uji. Anasema homa ilimwacha kwa sababu aliomba. Paka bado anarudi kwake. Nimeamua. Jumanne nitampeleka paka kwa mwenyewe, na nitamtazama huyo mwanamke usoni.

Jumanne, 2 Mei

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Theuri alipoondoka na suti yake, nilisubiri gari lingine. Nilimtia paka katika kiondo, nikafunga mdomo wa kiondo kwa leso, nikamwachia Cucu na Monicah nyumba. Nilisema naenda kununua sindano za kufuma.

Nilikwenda ofisini kwanza. Nilitaka Theuri atoke, aone kiondo, tuongozane Majengo wote watatu. Mlango ulikuwa na kufuli. Askari alikuwa ameketi chini ya paa akila mkate.

"Namtafuta Bwana Theuri, karani."

"Theuri? Ai, mama, huyo si alitoka Januari! Ofisi yote ilihama ikaenda Thika. Wakubwa walienda nayo, hao wengine wakaambiwa asante. Hapa imebaki stoo tu. Kwani wewe ni nani yake?"

Nikamwambia mimi ni jirani.

Sikumbuki nilivyovuka mji. Januari. Nilikuwa nikipiga pasi ile suti Januari yote, na Februari, na Machi, na Aprili. Mvua ilikuwa imeanza tena. Nilifikiri: basi anaishi kwake. Mchana anaishi kwa Mwanasiti, usiku anaishi kwangu, na mimi ndiye ninayemfulia nguo za kwenda huko.

Majengo nilimwuliza fundi mmoja aliyekuwa akishona barazani. Nikasema natafuta nyumba ya Mwanasiti.

"Mwanasiti wa samaki? Fuata moshi, dada."

Samaki. Sikuelewa. Lakini paka alielewa kabla yangu. Alianza kulia ndani ya kiondo, kilio kirefu, akikwaruza nyuzi za mkonge, na nilipopinda kona nikaisikia harufu mimi pia. Mafuta yanayochemka, chumvi, na kile kitu cha majini ambacho kwetu wazee hukiita nyoka wa maji na hawakigusi hata kwa fimbo.

Kilikuwa kibanda cha mabati. Karai kubwa la mafuta. Mwanamke mzee, mzee kuliko Cucu, alikaa kwenye kiti kifupi, leso kiunoni, miguu imevimba, paka wawili wamemlalia. Na nyuma yake, amevaa gunia badala ya aproni, mikono ya shati imekunjwa, magamba yanang'aa mpaka viwikoni, Theuri anapasua samaki.

Suti ya kijivu ilikuwa imetundikwa msumarini, imefunikwa nailoni. Chini yake kulikuwa na chetezo cha udi.

Kisu chake kilisimama. "Mama Monicah," akasema.

Yule mzee alinitazama, akatazama kiondo, akacheka kwa kikohozi. "Lulu huyo! Nimemjua sauti. Na wewe ndiye mkewe. Karibu, mwanangu, usisimame mvuani. Nilimwambia toka siku ya kwanza, mweleze mkeo. Kila siku anasema kesho, Bi Mwanasiti, kesho. Ikawa mimi kazi yangu ni kumfukiza koti asije akakunukia."

Nilifungua kiondo. Paka akatoka, akasugua shavu kwenye goti la bibi, kwenye karai, kwenye gunia la Theuri, kwenye kiti, vilevile kama alivyofanya kwetu. Kisha akaenda kwenye viatu vya mume wangu vilivyo chini ya suti, akanusa, akafungua kinywa.

"Kwa nini anafanya hivyo?" nikauliza. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoka kwanza.

"Anainywa harufu," akasema Mwanasiti. "Pua haimtoshi. Amezaliwa hapa chini ya meza, harufu hii kwake ni maziwa."

Theuri alinawa mikono, tukasimama chini ya ukingo wa paa, maji yakishuka mbele yetu kama pazia. Alisema alitafuta kazi kila ofisi. Alisema siku moja njaa ilimshika, akaingia hapa pasipo na mtu wa kwetu, akala, na mama huyu akamwona anavyokata samaki wake mwenyewe taratibu, akamwambia miguu imenishinda, kaa unisaidie. Alikaa.

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Niliogopa Cucu. Niliogopa kanisa. Ndugu zako. Mtu wa kalamu, anauza nyoka wa maji."

"Afadhali ningekukuta na mwanamke," nikamwambia. "Mwanamke ningejua la kufanya. Hili silijui. Nimekupigia pasi uongo miezi yote hii, Theuri. Umenifanya nimnuse paka! Umenifanya nilinde paka dhidi ya mama yako, nikisubiri anionyeshe nyumba ya hawara."

Akashika kichwa kwa mikono yenye magamba. Alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata baba yake alipofariki. Niliangalia mvua. Sikumgusa.

Mwanasiti aliweka samaki na kipande cha ndimu kwenye sahani ya bati. "Kula, mwanangu. Ukikasirika na njaa, hasira huwa mbili."

Nilikula. Sikutaka kumvunjia heshima mzee. Nilikula mpaka miiba.

Jumatano, 3 Mei

Paka amerudi nasi. Mwanasiti amekataa kumpokea. Sijasema na Theuri.

Jumamosi, 6 Mei

Sijasema naye. Amekwenda kibandani bila suti. Nimeiona imebaki kitandani nikashindwa nifanye nini nayo, nikaikunja.

Jumanne, 9 Mei

Nimemwambia: "Mwambie mama yako wewe mwenyewe. Sitabeba hilo pia." Hayo ndiyo maneno ya kwanza.

Jumapili, 14 Mei

Amemwambia. Baada ya kanisa, Cucu akiwa kitini, blanketi magotini na paka juu ya blanketi. Theuri alipiga magoti kabisa. Alieleza yote, na mwisho akasema hata Petro alikuwa mvuvi.

Cucu akamjibu: "Petro aliacha samaki akapata kazi nyingine. Wewe umeacha kazi nyingine ukapata samaki."

Monicah akacheka, nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu mvua ianze. Cucu hakucheka. Alisema, "Umeniacha nidhani nimelogwa. Nililala hapa nikiaga dunia kwa sababu ya uongo wako." Akageuza uso ukutani, na Theuri akabaki magotini mpaka nikamwinua mimi.

Jumatatu, 22 Mei

Cucu hasemi na mwanawe. Lakini asubuhi ya leo, akidhani niko nje, nilimsikia akimwambia paka, "Sogea kidogo, unanibana." Paka hakusogea. Yeye ndiye aliyesogea.

Jumamosi, 27 Mei

Mwanasiti hawezi tena kusimama. Ametaka Theuri afungue kibanda chake mwenyewe kwingine. Theuri amesema Karatina, soko kubwa, watu hawatujui.

Nikasema, "Wamagana."

"Hapa? Watu wa kanisa wote wanapita hapa."

"Ndiyo sababu. Mimi sitafukiza koti la mtu. Ukiuza, uza hapa, na mimi nitasimama karibu nawe."

Alinitazama kama anayepima kina cha maji. Akakubali. Bado simwamini vizuri. Akisema anakwenda kufunga ng'ombe, natega sikio nisikie kama ng'ombe yupo. Labda itapita. Labda haitapita, nitaishi nayo kama watu wanavyoishi na goti bovu.

Jumamosi, 10 Juni

Mvua imekatika tangu juzi, sasa ni ukungu na baridi. Leo ni siku ya pili ya kuuza.

Siku ya kwanza hakuna aliyenunua ila dereva wa lori la chai. Watu walipita upande wa pili wa barabara, wamejifunika pua kwa leso, wakitusalimia kwa mbali kama watu waliofiwa. Theuri alitaka tufunge. Nikamwambia akaange mwingine.

Leo asubuhi alikuja mke wa Gicheru. Akaangalia huku, akaangalia kule. "Nipe mmoja," akasema chini chini. "Ni wa paka."

Kwa Gicheru hakuna paka. Nilimfungia katika jani la mgomba.

Baada yake akaja mwalimu. Ana paka, akasema, tena mgonjwa. Halafu mama wa duka la vitambaa: paka wawili, wanapenda waliokaangwa vizuri, wenye chumvi. Kufikia mchana Wamagana ilikuwa imejaa paka ambao hakuna mtu amewahi kuwaona, na karai letu lilikuwa karibu tupu. Theuri hakuthubutu kunitazama, asije akacheka.

Wa mwisho alikuwa mke wa mchungaji. Alisimama kando mpaka watu walipoisha, mkoba ameubana kwapani. Nyumbani kwao najua kila kitu: kuku, mbwa mmoja, na mchungaji.

"Mama Monicah," akasema, "nipatie yule mkubwa. Tumepata paka."

"Hongera," nikamwambia. Nilimchagulia mnono, nikamfunga kwenye majani mawili ili mafuta yasimharibie mkoba, nikampa na ndimu. Alikuwa amekwisha kugeuka nilipomwita.

"Mama Mchungaji. Huyo paka akimla na ugali, mwambie atoe miiba kwanza."

Alisimama. Nikaona shingo yake imeanza kutetemeka, nikaogopa nimemuudhi. Kisha akageuka, akacheka mpaka akashika meza, na akauliza kama tutakuwepo Jumanne.